Vikokotoo vitatu, majibu matatu: nimsaidieje mama mwenye ugonjwa wa figo nikiwa mbali?

BARUA

Shikamoo Sista,

Mimi nina miaka 31, nafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam. Mama yangu mzazi ana miaka 58, yuko Tanga, anaishi na mdogo wangu wa kiume na mkewe. Ana sukari na presha kwa miaka mingi. Safari hii alipokwenda kliniki daktari alimwambia figo zimeanza kuchoka. Karatasi ya maabara inasema kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa kwenye damu, 125, na kwenye mkojo protini jumlisha mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Aliambiwa apunguze chumvi, aendelee na losartani ya presha na metformini ya sukari, arudi baada ya miezi mitatu. Nilipompigia kumuuliza ameambiwa nini, alijibu, "Wamesema figo, mwanangu," akabadilisha mazungumzo.

Sista, usiku ule sikulala. Niliingia mtandaoni nikakuta vikokotoo vya figo, vinavyokadiria GFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu. Cha kwanza kiliuliza umri, jinsia na kreatinini, kikatoa 43. Cha pili kiliuliza pia kama mgonjwa ni mtu mweusi, nikajibu ndiyo, kikatoa 47. Cha tatu ni programu niliyopakua kwenye simu. Niliandika 125 kama ilivyo kwenye karatasi, ikatoa sifuri na maandishi mekundu kwamba ni hatua ya tano, figo zimeshindwa. Nililia mpaka mume wangu akaamka. Hadi leo sijui niamini lipi.

Basi nikamnunulia mama simu janja. Nikamwekea programu ya kumkumbusha dawa, na nyingine ya kuandika chakula, na kila mlo apige picha ya sahani anitumie. Hiyo programu ya chakula ni ya Kiingereza. Inajua brokoli na stroberi, haijui kisamvu wala bada. Imeandika ndizi ni hatari, nyanya ni hatari, maharage hatari, viazi hatari, nami nikamkataza vyote. Sasa mama amepungua mwili, picha hatumi tena, na wifi yangu ananiambia analalamika kwa majirani kwamba mwanawe anamnyima chakula kwa simu. Imeniuma sana, maana kila ninachofanya nakifanya kwa kumpenda.

Nimejiunga pia na kundi la WhatsApp la wagonjwa wa figo. Mwanzoni lilinifariji. Lakini kuna mtu pale anauza unga wa mitishamba wa kusafisha figo, shilingi 180,000 kwa dozi ya miezi mitatu, na watu wanatuma picha za vipimo vyao kushuhudia kwamba wamepona. Hela nimeshaiweka pembeni. Jirani wa mama naye anamletea maji ya birimbi kila asubuhi, anasema yanashusha presha. Magoti nayo yanamsumbua, lakini hayo ameshayazoea, ana vidonge vyake ananunua duka la dawa.

Nisaidie Sista. Namba ipi ni ya kweli? Programu hizi niendelee nazo au nizifute? Unga ninunue? Na nifanyeje ili mama anisikilize?

Binti aliye mbali

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mashaka, na pole zaidi kwa usiku ule wa maandishi mekundu. Figo za mama yako hazijashindwa. Nitakueleza ile sifuri ilikotoka, lakini kuna jambo la kufanya leo kabla hujamaliza kusoma.

Mpigie mama umuulize jina la vidonge vya magoti. Umevitaja mwisho kabisa, kwa sentensi moja, na mimi ndivyo vilivyonishtua kuliko vikokotoo vyote vitatu. Kama ni diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini au ndugu zao, aviache. Figo iliyochoka hujitahidi kuweka wazi mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, na vidonge hivi vinaubana mshipa huo. Losartani, kwa upande wake, inalegeza mshipa wa kutolea damu, na hiyo ni kazi nzuri kwa sababu inashusha msukumo unaolichakaza chujio. Vikikutana viwili hivi, damu inaingia kidogo na kutoka kwa urahisi, na chujio linabaki bila nguvu ya kuchuja. Ikiongezeka dawa ya kukojoza, au siku ya kuhara, mtu anaweza kupoteza ndani ya wiki moja sehemu ya figo ambayo sukari ingechukua miaka kuiharibu. Kwa magoti atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa na dawa ya kuchua isiyo na diklofenaki ndani yake, na daktari aambiwe kwamba magoti yanamsumbua. Nimefanya kazi kliniki miaka mingi. Wagonjwa wengi hawavitaji vidonge vya maumivu kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa.

La pili la leo ni birimbi. Najua mnavyoipenda huko Pwani, na achari yake kidogo pembeni ya wali siiogopi kama ninavyoyaogopa maji yake kila asubuhi. Birimbi ina asidi ya oksalati kwa wingi. Kule Kerala, India, ambako watu hunywa maji ya birimbi kwa kuamini yanashusha lehemu, madaktari waliandika mwaka 2013 habari za wagonjwa kumi ambao figo zao zilifungwa ghafla na fuwele za oksalati baada ya kuyanywa. Ndugu yake birimbi, lile tunda ambalo ukilikata kipande kinatoa umbo la nyota, ni hatari hata kwa ubongo wa mwenye figo dhaifu. Jirani ashukuriwe kwa upendo, glasi iachwe.

Angalia sasa, mwanangu: hayo mawili, vidonge na birimbi, hakuna programu hata moja iliyokuuliza. Vyombo hivi vinajua kile tu kilichowekewa nafasi ya kujazwa. Mengine yote yako kinywani mwa mama, na mama siku hizi hakwambii. Ndiyo maana swali lako la mwisho ndilo kubwa kwangu, nami nitalirudia.

Tuje kwenye namba. Maabara zetu nyingi hupima kreatinini kwa mikromoli kwa lita, na ile 125 ya mama iko katika kipimo hicho. Marekani hutumia miligramu kwa desilita. Ukitaka kutoka kwetu kwenda kwao unagawanya kwa 88.4, kwa hiyo 125 yetu ni 1.41 yao. Programu yako ya tatu ilikuwa inasubiri 1.41, ukaipa 125. Kreatinini ya namna hiyo hakuna binadamu anayeishi nayo, na programu iliyotengenezwa kwa uangalifu ingekataa kuipokea na kukuuliza kipimo ulichotumia. Hiyo ifute. Si kwa sababu ulikosea kujaza, bali kwa sababu chombo cha afya kinachopokea namba isiyowezekana na kujibu kwa maandishi mekundu hakistahili kukaa kwenye simu ya mtu yeyote.

Cha pili, kilichouliza rangi ya ngozi, kinatumia hesabu ya mwaka 2009. Hesabu ile, kwa kuegemea tafiti za Marekani, ilipandisha matokeo ya kila mtu mweusi kwa karibu asilimia 16. Mwaka 2021 wataalamu wa figo wa huko huko Marekani waliitoa sehemu ya rangi na kuandika hesabu mpya, na hiyo ndiyo iliyokupa 43. Nimeirudia mwenyewe kwa umri wa mama na kreatinini yake, nikapata 43 vilevile. Hata hiyo ni makadirio. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulipima uchujaji wenyewe na kuonyesha kwamba hesabu za kreatinini zina tabia ya kuziona figo za watu wetu kuwa nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo chukua 43, na kikokotoo kinachouliza rangi usikitumie tena.

Utasema 43 na 47 zinapishana nini. Zinapishana, maana 45 ni mpaka. Kuanzia 45 hadi 59 ni hatua ya 3a, kuanzia 30 hadi 44 ni 3b, na chini ya 45 ndipo daktari anapotakiwa kukitazama upya kipimo cha metformini, mara nyingi kukipunguza, na chini ya 30 kuiacha kabisa. Usimpunguzie mama wewe. Mpelekee daktari swali hilo likiwa limeandikwa: "GFR ni 43, metformini ibaki ilivyo?" Swali kama hilo linajibika hata kwenye foleni ndefu.

Na daktari aliposema arudi baada ya miezi mitatu hakuwa anawafukuza. Ugonjwa wa figo huitwa sugu ukidumu zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu kreatinini hupanda hata kwa kuhara, kwa homa, kwa vidonge kama vile vya magoti. Inawezekana kabisa kipimo cha pili, vidonge na birimbi vikiwa vimeachwa, kikatoka bora kuliko hiki. Inawezekana pia kisitoke bora. Siwezi kukuahidi, ila ninachojua ni kwamba wengi wa walio hatua ya tatu hawafiki kwenye kusafishwa damu. Moyo na kiharusi ndivyo vinavyowatishia zaidi, na vyote viwili vinapita mlango mmoja na figo, yaani presha, sukari na protini kwenye mkojo.

Kuhusu hiyo protini, jumlisha mbili za kijiti cha kupimia mkojo ni dalili tu, bado si kipimo kamili. Ombeni kipimo cha mkojo kinacholinganisha albumini, ambayo ni aina ya protini, na kreatinini, kwa kifupi ACR. Chini ya 30 kwa miligramu kwa gramu ni kawaida, 30 hadi 300 imepanda, zaidi ya 300 imepanda sana. Kipimo hiki ndicho kinachomwonyesha daktari ni kwa kasi gani figo zinaelekea kuchakaa, na kama kuna haja ya kuongeza dawa nyingine. Kuna kundi la dawa za sukari, dapagliflozini ikiwa mojawapo, ambalo tafiti za kuanzia mwaka 2020 zimeonyesha linazilinda figo hata kwa wasio na sukari. Bei yake si ya kila mtu, lakini kuuliza hakulipiwi. Kuna pia kikokotoo kilichoanzia Kanada mwaka 2011 kinachokadiria uwezekano wa figo kushindwa ndani ya miaka miwili na mitano. Kinataka umri, jinsia, GFR na ACR. Bila ACR usikifungue, na ukikifungua kaa na daktari. Nimeona watu wakisoma asilimia zile usiku peke yao, na hakuna faida waliyoipata.

Chakula sasa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu mama amepungua mwili. Ile orodha ya hatari, ndizi, nyanya, maharage, viazi, ni orodha ya vyakula vyenye madini ya potasiamu kwa wingi. Wanaotakiwa kupunguza potasiamu ni wale ambao damu imepimwa ikakutwa imezidi. Mama hajapimwa, au kama amepimwa hujaniandikia. Umemkatazia nusu ya vyakula vya nyumbani kwao kwa ugonjwa ambao hakuna aliyesema anao. Mwenye figo akikonda kwa kukosa chakula anapoteza misuli, anakuwa dhaifu, na kreatinini yake inashuka kwa udanganyifu kwa sababu inatokana na misuli, mkadhani anapona. Mrudishie maharage yake. Mrudishie bada yake kwa kiasi kinachoelewana na sukari, na kisamvu. Ombeni potasiamu ipimwe safari ijayo. Ikikutwa juu ndipo mtachagua cha kupunguza, na hata hapo viazi, muhogo na mboga huchemshwa kwa maji mengi yakamwagwa, sehemu nzuri ya potasiamu ikaondoka nayo. Madafu yatapumzishwa. Protini, gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inamtosha mtu wa hatua yake. Hahitaji kuacha samaki.

Kinachotakiwa kupunguzwa leo bila kusubiri kipimo ni chumvi, na chumvi ya jikoni kwetu haikai kwenye kopo la chumvi peke yake. Iko kwenye ng'onda. Iko kwenye vipande vya supu na viungo vya pakiti vya mchuzi. Iko kwenye magadi ya kuivisha maharage, maana magadi ni sodiamu ileile kwa jina jingine. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yapikwe kwa moto wa taratibu bila magadi. Ladha itoke kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, bizari. Kiasi cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha ile iliyojificha. Na mtu asije akamletea chumvi ya dukani iliyoandikwa kwamba ina sodiamu kidogo: nyingi zimewekewa potasiamu mahali pa sodiamu, na mtumiaji wa losartani mwenye figo dhaifu hatakiwi kuigusa bila ruhusa. Wifi yako ndiye anayepika. Haya mweleze yeye kwa simu ya kawaida, kwa heshima, kama mtu mnayesaidiana naye.

Programu ya chakula unaweza kuifuta bila majuto. Ilitengenezwa kwa jiko jingine. Lakini sikwambii utupe kila kilicho mtandaoni, maana nimeona kazi nzuri. Kanada kuna tovuti inayoitwa My Kidneys My Health, iliyobuniwa na watafiti wakiwa meza moja na wagonjwa wenyewe, kwa ajili ya watu kama mama ambao hawajafika kwenye kusafishwa damu. Uingereza, shirika la Kidney Care UK lina ukurasa wa mapishi unaoitwa Kidney Kitchen. Zote ni za Kiingereza na zote zinazungumza na nchi zenye maabara na bima za namna nyingine. Wewe Kiingereza unakijua. Soma wewe, uchague linalomhusu mama, umweleze kwa Kiswahili kidogo kidogo. Ukikutana na tovuti nyingine jiulize imeandikwa na nani, imehuishwa lini, inaishi kwa fedha za nani, na kama mwisho wa ukurasa kuna kitu kinauzwa.

Kuna jambo moja kwenye zana hizo za Kanada ambalo ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa figo ilijue, nalo ni mpango wa siku za kuugua. Mtu akiharisha au akitapika mpaka hawezi kunywa maji, dawa kama losartani, metformini na za kukojoza huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda, kisha kurudishwa akishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Kwetu, kwa kuhara na malaria, siku kama hizo si za nadra. Mpango huo uandikwe na daktari mapema kwenye karatasi: dawa zipi, asubiri muda gani, ampigie nani. Ubandikwe penye dawa. Kama mama hufunga Ramadhani, swali la kufunga nalo liulizwe kliniki miezi miwili mitatu kabla.

Unga wa 180,000 usinunue. Hakuna unga unaosafisha figo. Mtu anaweza kuingiza kitu mwilini ambacho figo zitalazimika kukitoa, na zikishindwa kikaziua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliopewa mchanganyiko wa mitishamba wa kupunguza unene waliharibikiwa figo mmoja baada ya mwingine, wengi wakaishia kwenye mashine na kupandikizwa, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sumu ilikuwa asidi iliyomo kwenye mmea mmoja wa ule mchanganyiko. Zile picha za vipimo vya kundini hazina umri, hazina tarehe ya dawa, hazisemi kama aliyepona alikuwa na ugonjwa sugu au aliharisha akapona kuhara. Hela uliyoiweka pembeni ina kazi: ACR, potasiamu, na mashine ya presha ya mkono wa juu yenye mkanda unaomtosha mama. Kundi lenyewe ukitaka baki kwa ajili ya kufarijiana, lakini vipimo vya mama visiingie humo. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, ila picha iliyoshatumwa kwenye kundi la watu mia mbili hakuna sheria itakayoirudisha.

Sasa mama. Mwanangu, ugonjwa ni wake. Ile simu ulimnunulia ili umwone wewe, na yeye aliona hivyo tangu sahani ya kwanza. Mtu wa miaka 58 aliyekulea akitakiwa kupiga picha ugali wake ili bintiye aupitishe, atafanya alichofanya mama yako, atanyamaza na kula kwa kujificha. Ukimya huo ndio unaowaficha ninyi nyote hata jina la vidonge vya magoti. Kamwombe radhi kwa mdomo. Mwambie umeogopa, kwa kuwa umeogopa kweli. Halafu muulize yeye anataka kujua nini kuhusu figo zake, usubiri ajibu, hata akichukua siku kadhaa.

Kwenye simu mwachie jambo moja tu, na achague yeye. Ningekuwa mimi ningempendekezea presha, kwa sababu ndiyo inayozilinda figo kuliko kitu kingine anachoweza kukipima nyumbani. Akae kitini dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni haijapishanishwa, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi si juu ya dera. Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Kisha abonyeze kitufe cha sauti cha WhatsApp aseme, "Leo asubuhi 138 kwa 84." Sauti yake mwenyewe, na tarehe ipo hapo hapo. Wewe unaziandika kwenye jedwali, jambo ambalo mhasibu halimshindi, na wiki moja kabla ya kliniki unamrudishia karatasi moja yenye namba zote. Kwa wengi lengo ni chini ya 130 kwa 80, lakini lengo la mama aliseme daktari wake. Siku namba ikiwa mbaya usimfokee. Ukimfokea siku hiyo, kesho atakutajia namba ya kukufurahisha.

Kikumbusho cha dawa kibaki kama anakipenda, kama anakiona kero kitolewe. Wapo wanaokumbuka dawa kwa adhana vizuri kuliko kwa simu yoyote.

Dalili za kumpeleka hospitali bila kusubiri sauti ya WhatsApp mzijue wote watatu, wewe, mdogo wako na wifi: kubanwa pumzi hasa akilala chali, kuvimba ghafla miguu na uso, mkojo kupungua sana, kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa, au moyo kwenda ovyo na misuli kuishiwa nguvu.

Na usijione wa ajabu kwa kuhangaika hivi. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, na mjini kwa asilimia 15, wengi wao hawajui. Mama yako amejulikana mapema, akiwa bado na nafasi kubwa ya kuzitunza.

Tarehe ya kliniki ikifika, omba ruhusa ya siku moja uende Tanga, au kama kazi haikuruhusu mdogo wako aingie naye na simu iwe hewani kwa ridhaa ya daktari. Mama abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za magoti, na ile karatasi ya presha, na maswali manne: kipimo cha metformini, ACR, potasiamu, na mpango wa siku za kuugua. Ayaulize yeye. Wewe shika kalamu uandike majibu.